Novalis, mushairi mwenye alishuka chini

Mutoto wenu wa sekondari akirudia nyumbani na somo la Kifaransa lenye kusema juu ya Romantisme, mara mingi atawaimbia ile ile: ziwa la Lamartine, mulima, upepo, mwezi, machozi. Ni kweli. Washairi wa miaka ya karibu na 1800 walipenda sana kuandika juu ya nguvu ya maumbile, ni kusema ile vitu vyote vyenye mutu hakutengeneza: maji, mawe, mvua, miti, usiku. Lakini karibu wote waliangalia ile vitu wakiwa wamesimama juu ya udongo. Mumoja kati yao alishuka chini. Alisoma kazi ya migodi ku shule ya migodi, na mushahara wake ulitoka ku chumvi na ku makala. Jina lake la kuzaliwa ni Friedrich von Hardenberg. Dunia inamujua kwa jina la Novalis. Aliishi miaka 28 tu. Kati ya washairi wakubwa wa Ulaya, yeye njo alikuwa karibu sana na kazi yenye kulisha nyumba zetu, na juu ya ile tunaleta maisha yake hapa.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tano 1772, ku Oberwiederstedt, mu inchi yenye leo tunaita Ujerumani. Wakati ule Ujerumani haikuwa bado inchi moja, ilikuwa kikapu cha falme ndogo ndogo. Kijiji chao kilikuwa karibu na Mansfeld, na Mansfeld ni inchi ya shaba. Watu wa kule walichimba shaba kwa karibu miaka 800, mpaka mugodi wa mwisho wa ile sehemu ukafungwa mu 1990. Lakini haikuwa shaba sawa yetu, yenye mutu anaona kijani yake mu mulima muzima. Ilikuwa imejificha mu jiwe jeusi lembamba, lenye kulala chini sawa karatasi kati ya vitabu viwili. Pahali pengi unene wake haukufika nusu metre. Muchimbaji hakuweza kusimama, hata kupiga magoti hapana. Alilala kwa ubavu, shingo imepindika, na akapiga jiwe vile, saa kisha saa. Shingo za wengine zilibakia zimepindika hata wakiwa juu, mpaka watu wakawapatia jina la kuchekesha juu ya ile shingo.

Friedrich hakuwa mutoto wa wale. Baba yake alikuwa wa familia ya wakubwa, hata kama makuta haikuwa mingi sana mu nyumba. Alikuwa mutu mukali, wa sala nyingi, wa kanisa la Wandugu wa Herrnhut. Mu nyumba walizaliwa watoto 11, na Friedrich alikuwa wa pili. Akiwa na miaka tisa alipata ugonjwa wa kuhara damu na karibu afe. Wenye walimujua wanasema mbele ya ile ugonjwa alikuwa mutoto wa polepole, wa kuota ota, na kisha kupona akili yake ikaamuka sawa moto wenye mutu amepuliza.

Mu 1784 baba akawekwa kuwa direktere wa migodi ya chumvi ya serikali ya Saxe, na kisha familia ikahamia mu muji wa Weissenfels. Chumvi ya kule haikutoka ku bahari. Maji ya chini yalipita mu mawe yenye chumvi, na watu waliyavuta juu. Ku Dürrenberg, kwa mufano, enjeniere mumoja jina lake Borlach alichimbisha shimo miaka mingi, mpaka mu 1763, kisha kupita metre 200 za urefu, maji ya chumvi yakapasua mwamba na kupanda yenyewe. Ile maji waliyatiririsha juu ya kuta ndefu za matawi ya miiba, ili upepo na jua vikunywe maji na chumvi ibakie na nguvu. Kisha waliyapika mu masufuria makubwa ya chuma. Kupika kuliomba kuni, kuni mingi kabisa, na mapori yalikuwa yanaisha. Mushike hii jambo la kuni, tutalirudilia.

Baba alitaka Friedrich afanye kazi ya serikali sawa yeye. Basi kijana akasoma sheria, kwanza ku Jena, kisha Leipzig, kisha Wittenberg, kwenye alimaliza ekzamini mu 1794. Ku Jena alisikiliza masomo ya historia ya Schiller, mwandishi mukubwa, na akamupenda kabisa. Ku Leipzig akapata rafiki wa miaka yake, Friedrich Schlegel, mwenye maneno mingi na falanga kidogo. Ile urafiki haikukatika mpaka siku ya kifo.

Kisha masomo akatumwa ku muji mudogo wa Tennstedt, mu biro ya muzee mumoja wa serikali, bwana Just, ili ajifunze kazi ya karatasi. Just alikuwa mukubwa wake, lakini kisha aliandika maisha ya huyu kijana na akakubali bila haya kwamba mwalimu njo aligeuka kuwa mwanafunzi.

Mwezi wa kumi na moja wa ule mwaka 1794, kazi ikamupeleka mu nyumba moja ya wakubwa ku Grüningen, na pale akaona musichana, Sophie von Kühn. Alimwambia ndugu yake kwamba robo ya saa moja tu ilitosha kugeuza maisha yake. Sophie alikuwa na miaka 12. Hapa mama mwenye kusoma gazeti atasimama, na ana haki. Leo sheria ya inchi yetu inakataza, na baba mwenye akili angemufukuza ule kijana ku mulango. Kati ya familia za wakubwa wa wakati ule, kuchumbia mutoto na kungojea akomae lilikuwa jambo lenye kufanyika, na ku Grüningen hawakumufukuza. Sisi tunalisema vile lilikuwa, hatulisafishe. Mwezi wa tatu 1795 wakaahidiana.

Mbele ya mwaka kuisha Sophie akawa mugonjwa, kidonda cha ndani, upande wa maini. Mu 1796 wakamupasua ku Jena, si mara moja, mara tatu, na wakati ule hakukuwa dawa ya kulalisha mutu. Alivumilia. Lakini tarehe 19 mwezi wa tatu 1797, siku mbili tu kisha kutimiza miaka 15, akakufa. Haikupita mwezi, Erasmus, ndugu yenye Friedrich alipenda sana, naye akakufa.

Kijana wa miaka 24 na makaburi mawili. Alianza kuandika mu daftari yake siku kwa siku, akihesabu tangu kifo cha Sophie. Alitaka kumufuata, si kwa kujinyonga ao kwa sumu, kwa nguvu ya kutaka tu. Mwezi wa tano, mangaribi moja, alikuwa ku kaburi la Sophie, na jambo fulani likamufikia pale: aliona sawa vile wakati wote umepeperuka, na mwenye amekufa iko karibu. Ile saa moja ya giza ku kaburi njo mbegu ya mashairi yake yenye kujulikana zaidi. Lakini mbegu haikutoka mara moja. Kwanza alishuka mu mugodi.

Mwezi wa kumi na mbili 1797 alifika Freiberg. Freiberg ni muji wa feza. Feza ya kule iligunduliwa mu karne ya 12, na mu 1765 serikali ya Saxe ilifungua pale shule kubwa ya kazi ya migodi, yenye kufanya kazi mpaka leo. Wanafunzi walikuja kutoka Ulaya yote. Alexander von Humboldt, mwenye kisha alizunguka Amerika, alipita pale mbele ya Novalis, na kisha akatengeneza taa ya usalama ya wachimbaji na kufungulia wachimbaji shule. Sababu ya watu kukimbilia Freiberg ilikuwa mutu mumoja, Abraham Gottlob Werner.

Werner alikuwa mwalimu wa ajabu kidogo, mwenye kuogopa baridi na kupenda kila kitu kikae pahali pake. Alifundisha kutambua jiwe kwa macho, kwa mukono, kwa pua na hata kwa ulimi: rangi yake, namna inavunjika, uzito wake mu kiganja, kama inatoa baridi ao hapana, kama inaacha alama. Kitabu chake cha 1774 kilipanga mawe yote kwa ile njia. Wachimbaji wetu wa mikono, wenye kuokota jiwe na kusema palepale kama ni malakita ya muzuri ao takataka, wangekaa mu kalasi ya Werner bila haya.

Juu ya historia ya udongo, Werner alikosea jambo kubwa. Alisema mawe karibu yote, hata graniti, yalitoka mu bahari ya zamani yenye ilifunika dunia, ikakauka na kuacha tabaka juu ya tabaka. Leo tunajua graniti inatoka ku mawe yenye yaliyeyuka kwa moto wa chini. Lakini kwa mushairi, ile kosa lilikuwa na faida. Alipoingia mu galeri na kuangalia ukuta, hakuona ukuta. Aliona maji ya zamani yenye yalisimama, kitabu chenye kurasa zake ni mawe.

Ku Freiberg mwanafunzi hakukaa mu kalasi tu. Alishuka. Hakukuwa mashini ya kushusha watu: walishuka kwa ngazi za miti, ngazi kisha ngazi, kila mutu na taa yake ndogo ya mafuta. Kutoboa mwamba ilikuwa kwa nyundo na chuma, pamoja na baruti. Maji yalikuwa adui wa kila siku. Waliyavuta na magurudumu makubwa yenye kuzungushwa na maji mengine yenye kutoka ku milima, ni kusema walitumia maji ili wapigane na maji. Mbele ya ekipe kushuka, watu walisali pamoja. Na wakati wanapitana walisalimiana kwa salamu yao ya pekee, yenye kutakia mwenzako bahati: udongo umufungukie, naye apande juu muzima. Ile salamu inatumikishwa mpaka leo mu inchi ya Ujerumani.

Novalis alikaa Freiberg mpaka katikati ya mwaka 1799. Alisoma kemia, hesabu, elimu ya mawe, sheria ya migodi. Mwisho wa 1798 aliahidiana tena, na Julie von Charpentier, binti ya mukubwa mumoja wa migodi. Watu wamemusema juu ya ile: namna gani mutu mwenye kulilia Sophie vile aoe mwingine? Wenye walifiwa na bibi ao bwana, na kisha wakaanza tena, hawatauliza ile swali.

Ni mu ile miaka ya mugodi njo Hardenberg akageuka Novalis. Mu 1798 maandishi yake ya kwanza ya nguvu, mafungu mafupi mafupi ya mawazo, yakatoka mu gazeti la rafiki yake Schlegel na kaka yake August Wilhelm, lenye kuitwa Athenaeum. Hakutaka kutia jina la familia, basi akachukua jina la zamani la watu wa kwao, lenye maana ya mwenye kufyeka shamba jipya. Mwaka ule ule, ku Uingereza, Wordsworth na Coleridge walitoa kitabu chao cha mashairi chenye kufungua njia kule. Hawakujuana. Upande mumoja maziwa na milima ya Uingereza, upande mwingine mashimo ya Saxe, na mawazo yalifanana: kwamba maumbile si gunia la vitu vya kuhesabu tu, yanasema na mutu, na mutu amesahau kusikiliza.

Kwa sababu gani walisema vile? Karne yao ilijifunza mambo mingi. Newton alishaeleza mwendo wa nyota, mashini zilianza kuingia, na watu wenye masomo walianza kuona dunia sawa saa yenye kuzunguka yenyewe. Washairi wengine walikataa ile elimu. Novalis hakuikataa. Alikuwa ndani yake mpaka mu magoti. Mu hadisi yake ya kwanza, yenye alianza ku Freiberg na haikuisha, kuko vijana wenye kujifunza maumbile mu nyumba ya mwalimu mumoja mwenye kukusanya mawe, kuyapanga, na kuonyesha kila jiwe ni ndugu ya lingine. Wenye kujua wanasema ule mwalimu ni Werner. Pale mushairi anafundisha kwamba mu mabawa, mu ganda la yayi, mu wingu, mu kristali, kuko alama sawa maandiko, na kazi ya mutu ni kuyasoma.

Kitabu chake kikubwa ni Heinrich von Ofterdingen. Ni hadisi ya kijana wa zamani sana mwenye aliota ua la buluu, akatoka kwao kulitafuta, na njiani anageuka polepole kuwa mushairi. Ile ua la buluu likawa alama ya Romantisme yote ya Ujerumani. Lakini kwetu sura ya tano njo yetu. Heinrich na wafanya biashara wenye kusafiri naye wanalala mu kijiji, na mu nyumba ya wageni wanakuta muzee mumoja mwenye nguo ya kigeni. Watu wanazania ni mutafuta hazina. Ni muchimbaji, mutu wa Bohemia.

Ule muzee anaeleza maisha yake. Tangu utoto alitaka kujua kitu gani kimefichwa mu milima, maji ya chemchemi yanatoka wapi, zahabu na feza vinatoka wapi. Akatembea mpaka kwenye migodi, akaona watu wakipanda na taa mu giza la mangaribi, akasikia kengele, akaingia ku sala pamoja nao. Kapita wake jina lake ni Werner: Novalis alitia jina la mwalimu wake mu hadisi, sawa vile mutu anapatia mutoto jina la rafiki. Muzee anaeleza mara ya kwanza ya kushuka, furaha yenye ilimushika, na sauti ya maji ya mbali, na jiwe lenye kungaa kidogo mbele ya taa. Anaeleza namna gani siku ya ndoa yake na binti ya Werner njo alipiga jiwe na kukuta mushipa wa madini mengi, na mutawala akamutumia munyororo wa zahabu.

Kisha muzee anasema jambo lenye lilitufanya tusimamishe kusoma. Kwa maneno yetu, si kwa yake, ni hivi: muchimbaji anaingia masikini na anatoka masikini. Inamutosha kujua madini iko wapi na kuyatoa mu giza. Yakifika juu na kugeuka bidhaa, hayana tena utamu kwake. Na maumbile hayapende kuwa mali ya mutu mumoja peke yake. Mutu akiyafunga kwa ajili yake tu, yanageuka sumu mu mukono wake, yanamunyima usingizi, na polepole yanatoka ili yarudie kwa wote.

Ile sehemu ya pili, sumu na usingizi, tunaikubali bila kubisha. Iliandikwa karibu miaka 100 mbele ya migodi mikubwa ya Katanga kufunguliwa, na mutu wa Katanga hahitaji mwalimu ili aielewe. Lakini sehemu ya kwanza iko na shida. Ni mutoto wa direktere njo anaandika kwamba muchimbaji anafurahia umasikini wake. Novalis alishuka kweli, lakini alipopanda alirudia ku biro na ku meza ya familia yenye watumishi. Ku Freiberg wa wakati ule, vijana wadogo walikaa wakivunja na kuchagua mawe juu ya mugodi, na wakubwa walikohoa mpaka kufa na vumbi la mwamba. Wachimbaji wenyewe hawakungojea mashairi: tangu karne nyingi walikuwa na chama chao cha kusaidiana, kila mutu anatia kidogo mu kisanduku, na mu kisanduku wanasaidia mwenye kuvunjika na mujane. Mutu mwenye furaha na umasikini wake hachange falanga namna ile. Muzee wa hadisi ni muzuri sana, tunamupenda. Tungependa tu tusikie bibi yake naye aeleze.

Hata hivi, kwa jambo moja hakuna mushairi mwenye alisema kweli kumupita: giza. Mutu wa juu anaogopa giza, analifananisha na kifo na ujinga. Muchimbaji anajua kwamba giza ni pahali pa kazi. Kule chini macho yanabadilika, masikio yanafunguka, mukono unajua. Novalis alichukua ile saa ya ku kaburi la Sophie, akaichanganya na miaka ya Freiberg, na akaandika nyimbo zake sita za usiku, zenye zilitoka mu Athenaeum mu 1800. Anaanza kwa kusifu mwangaza, kwa maneno ya heshima. Kisha anauacha, anashuka. Usiku unakuwa mama, unakuwa kitanda, unakuwa shimo lenye mwenye kupotea anapatikana. Washairi wa mbele waliweka nguvu ya maumbile mu radi na mu maporomoko ya maji, vitu vya kelele. Yeye aliiweka mu kile chenye hakionekane na hakiseme. Wenye walibakia kwa saa fulani mu galeri taa imezimika watajua kwamba hakutunga.

Sasa turudilie kuni. Kisha Freiberg, Novalis alirudia Weissenfels kusaidia baba yake, na mwisho wa 1799 akawekwa kuwa mumoja wa wasimamizi wa migodi ya chumvi. Mchana aliandika rapoti, alihesabu masufuria, alipanda farasi kutoka Artern mpaka Kösen, kutoka Kösen mpaka Dürrenberg. Usiku aliandika hadisi yake. Mapori yaliendelea kuisha, na bila moto hakuna chumvi. Jibu lilikuwa mu udongo: makala ya rangi ya udongo, laini, yenye haijakomaa kuwa jiwe jeusi. Mu 1800 alifanya kazi mu upimaji wenye Werner alipanga, akatembea upande wa Zeitz, Gera, Borna na Leipzig kutafuta na kuandika pahali ile makala inalala, namna gani imefunikwa, kama inafaa kuchomwa. Mutu mwenye aliandika juu ya ua la buluu aliandika pia, kwa kalamu ile ile, unene wa makala na aina ya udongo wa juu yake. Hakuona kwamba ni kazi mbili.

Kifua chake kilikuwa kimeanza kuharibika. Ni kifua kikuu, ugonjwa wenye mududu wake haukujulikana mpaka 1882, na wenye ulikuwa umeshakula mu familia yake. Hatuwezi kusema mugodi njo ulimupatia. Mwezi wa kumi 1800 ndugu yake mudogo Bernhard akazama mu muto Saale. Habari ilipomufikia Friedrich, damu ikamutoka kwa kinywa. Mwezi wa kumi na mbili serikali ikamupatia cheo kikubwa zaidi, cha kusimamia wilaya moja ya Thuringe, na hakuwa tena na nguvu ya kukifanyia kazi. Harusi na Julie haikufanyika.

Tarehe 25 mwezi wa tatu 1801, siku chache tu kisha tarehe yenye Sophie alikufa, alikuwa kitandani ku Weissenfels. Schlegel alikuwa amefika. Asubuhi mugonjwa alizungumuza kidogo, kisha akaomba ndugu yake Karl amupigie piano. Karl akapiga. Friedrich akalala usingizi, na karibu na saa sita ya mchana hakuamuka tena. Walimuzika mu muji ule ule.

Mu 1802 Schlegel na Ludwig Tieck walikusanya karatasi zake na kuzitoa kuwa kitabu. Heinrich von Ofterdingen inakatika mwanzoni mwa sehemu ya pili, kijana iko bado mu njia. Tieck aliandika kwa kifupi vile rafiki yake alimwambia hadisi ingeisha, lakini hakujaribu kuimaliza kwa mukono wake, na alifanya vizuri.

Makala yenye Novalis alitafuta ilikuwa kule kweli, na mingi kuliko vile mutu wa 1800 angeweza kuhesabu. Mu karne yenye ilifuata na mu ile ya 20, upande wa Borna, Zeitz na Leipzig watu walifungua mashimo makubwa ya wazi. Vijiji vilihamishwa, pamoja na makanisa na makaburi yao. Leo mingi ya ile mashimo yamefungwa, maji yameingia ndani, na yamegeuka maziwa. Siku ya jua watu wa Leipzig wanapeleka watoto wao kule kuogelea.